Meza ya Familia: Hesabu miguu kabla hujamponda

Wiki iliyopita meza yetu ilipokea ujumbe wa mama mmoja wa Dakawa, wilayani Mvomero. Mwanawe wa darasa la sita alikwenda likizo ya mwezi wa nne kwa bibi yake upande wa Matombo, milimani Uluguru. Siku moja yeye na binamu zake waliingia kwenye pango dogo chini ya jabali, wakamulika kwa tochi ya simu, wakamkuta mdudu bapa amejibandika ukutani, miguu mirefu ajabu. Mtoto alipiga picha. Mjomba alivua ndala akamponda. Bibi akasema wamshukuru Mungu, maana buibui wa pangoni akikukojolea tu, ngozi inababuka.

Mama anauliza: je, huyu ni buibui? Ana sumu? Anaitwa nani? Kisha anaongeza jambo lililomfanya aandike: siku ya tatu baada ya mtoto kurudi nyumbani Dakawa, shingoni kumetokea mstari mwekundu wenye malengelenge. Majirani wote wanamtaja buibui wa Matombo.

Mama mwenzangu, kwanza mpeleke mtoto kituo cha afya. Gazeti mtasoma mkirudi. Sisi wengine tubaki na hiyo picha, kwa sababu ndani yake kuna funzo kwa kila nyumba yenye watoto. Tukishindwa kumtambua kiumbe, tunamwogopa asiyedhuru na tunamwacha anayedhuru aendelee na kazi yake.

Miguu, kiuno na uzi

Kumtambua mdudu si kazi ya maprofesa peke yao. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuanza, mradi afuate utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu miguu. Mdudu kamili, kama mende, siafu au mbu, ana miguu sita, na mwili wake umegawanyika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane na sehemu mbili tu za mwili. Ya mbele imebeba macho, mdomo na miguu yote. Ya nyuma ni tumbo. Kwa hiyo kitaalamu buibui si mdudu, ingawa mitaani tunamwita hivyo na hakuna ubaya.

Hatua ya pili ni kutazama kiuno. Buibui ana kiuno chembamba sana kati ya sehemu hizo mbili, kama kibuyu kilichobanwa katikati. Yupo kiumbe mwingine wa miguu minane, mirefu kama nyuzi, anayepatikana kwenye majani makavu na mapangoni. Mwili wake ni kidonge kimoja kama punje ya kunde, hauna kiuno. Huyo si buibui. Hana sumu, wala hafumi utando.

Hatua ya tatu ni kutafuta vitoa uzi. Kila buibui, hata asiyejenga utando, ana vichuchu vidogo mwishoni mwa tumbo vinavyotoa uzi. Kama havipo, tafuta jina jingine.

Hatua ya nne ni kutazama miguu ya mbele inafanya kazi gani. Hapa ndipo picha ya kijana wetu inapojieleza. Mnyama wake ana miguu minane, lakini anasimama kwa sita tu. Miwili ya mbele ni myembamba mithili ya mijeledi, imenyooshwa pembeni, moja huku na moja kule. Hiyo si ya kutembelea, ni ya kupapasia, kama fimbo ya mtu asiyeona. Mbele ya mdomo ana mikono miwili yenye miiba, imekunjwa kama ya vunjajungu. Mwili ni bapa, kiasi kwamba anaweza kujipenyeza kwenye ufa wa mwamba. Mkia hana, kwa hiyo nge naye anatoka kwenye orodha. Vitoa uzi hana.

Jibu la swali la kwanza basi ni kwamba si buibui. Ni wa kundi ambalo wanasayansi wanaliita amblipigi, binamu wa buibui na nge. Jibu la pili litawashangaza wengi: hana sumu kabisa. Hana mwiba wa kuchoma, hana meno ya sumu, wala hamwagi mkojo unaounguza. Silaha yake ni ile mikono ya miiba, na ameumbiwa kukamatia mende, nyenje na nondo. Ukimbana sana vidoleni anaweza kukuparuza, basi.

Anayefahamika zaidi katika kundi hilo hapa Tanzania na Kenya anaitwa Damon diadema. Jina hilo la pili alipewa mwaka 1876 na Mfaransa Eugène Simon. Mwili wake ni mdogo kuliko kidole gumba, lakini miguu ikitandazwa yote inaweza kufika sentimita 20, na ndiyo maana watu hushtuka. Watoto waliotazama filamu ya nne ya Harry Potter, ya mwaka 2005, wamekwishamwona mmoja wa jamaa zake: ndiye yule ambaye mwalimu anamtoa darasani kuwaonyesha wanafunzi laana. Ulaya na Marekani wapo watu wanaomfuga ndani ya masanduku ya vioo, na madukani huuzwa kwa jina linaloitaja Tanzania. Sisi wenye naye tunamponda kwa ndala.

Na hili liwafikie akina mama hasa. Jike la amblipigi hubeba mayai chini ya tumbo lake, na watoto wakianguliwa hupanda mgongoni kwake na kukaa hapo hadi wajibadili ngozi kwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwachunguza Damon diadema wakiwa na watoto wao. Waliona mama akikaa katikati ya wanawe na kuwapapasa taratibu kwa ile mijeledi, na ndugu wakiendelea kukaa pamoja hadi wanapokaribia utu uzima. Kwa jamaa ya buibui na nge, ambao wengi wao wakikutana hulana, hiyo ni familia ya kupigiwa mfano.

Kifaru na ngeli yake

Mtu atasema, "Lakini anafanana na buibui!" Ni kweli. Hapo ndipo watoto wetu wanapoweza kuazima somo la Kiswahili.

Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba nomino zina ngeli. Kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka: hiyo ni KI-VI. Kisha mwalimu akaleta kifaru. Kwa sura, kifaru kinaanza na ki-, na wingi wake ni vifaru. Lakini hakuna anayesema "kifaru kimelala" akiwa na maana ya mnyama. Tunasema kifaru amelala, vifaru wamelala. Sura ya neno inasema KI-VI, upatanisho unasema A-WA, na upatanisho ndio unaoamua.

Wanasayansi nao wana ngeli zao, na hufanya vivyo hivyo. Hawaangalii sura ya haraka, wanaangalia mambo yanayopatana: idadi ya miguu, kiuno, vitoa uzi, mapafu, macho. Buibui, nge, kupe na amblipigi wote wako katika ngeli moja ya araknida. Ndani ya ngeli hiyo kuna makundi yanayoitwa oda, ambapo buibui wana oda yao na amblipigi wana yao. Ndani ya oda kuna familia, ndani ya familia kuna jenasi, na ndani ya jenasi kuna spishi. Ni kama anwani ya mtu: mkoa, wilaya, kata, kijiji, hadi nyumba. Ukimwambia mgeni "anakaa Morogoro" hujadanganya, lakini hatamkuta.

Kwa picha ile moja tunafika kwenye oda bila wasiwasi. Tunaweza kusema "ni amblipigi". Kusema spishi kunahitaji kumwona karibu zaidi: miiba ya mikono imepangwaje, na miguu ina pingili ngapi. Nalisema hili kwa sababu siku hizi mtu akituma picha kwenye kundi la simu, dakika mbili baadaye analetewa jina, sumu na dawa. Mtambuzi mzuri husimama pale ushahidi unapoishia.

Jina kamili la buibui hupatikanaje

Sasa tuseme kijana angekuta buibui wa kweli humo pangoni, wapo wengi. Angemtambuaje hadi spishi?

Mtaalamu huanza na macho. Buibui wengi wana macho manane, lakini jinsi yalivyopangwa hutofautiana kati ya familia na familia. Wengine wana sita. Baadaye hutazama kucha za miguu, vitoa uzi na meno. Mwaka 2006 Mbelgiji Rudy Jocqué na Ansie Dippenaar-Schoeman wa Afrika Kusini walitoa kitabu kikubwa kinachomwongoza mtu kwa maswali ya ndiyo au hapana hadi aifikie familia ya buibui aliye mbele yake.

Spishi ni kazi nyingine. Hapo rangi na ukubwa havitoshi, kwa sababu ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana rangi. Mtaalamu hutazama kwa hadubini viungo vya uzazi. Dume aliyekomaa ana vijikono viwili mbele ya uso vilivyovimba nchani, utadhani amevaa glovu za ndondi. Jike ana kibamba kidogo chini ya tumbo. Vya dume na vya jike wa spishi moja hulingana kama ufunguo na kufuli lake. Ndiyo sababu buibui mchanga, ambaye viungo hivyo havijakomaa, mara nyingi hawezi kupewa jina la spishi hata na bingwa.

Akionekana kuwa hajawahi kuandikwa popote, mtaalamu humchora, humpima na kumweleza katika jarida la sayansi, kisha humpa jina la maneno mawili. Mmoja aliyetumiwa kwa maelezo hayo huhifadhiwa kwenye spiriti katika jumba la makumbusho, pamoja na karatasi ndogo inayosema alipatikana wapi, lini, na nani alimkamata. Bila hiyo karatasi, mdudu ni maiti tu.

Majina haya yana sheria zake, na moja inawapa buibui heshima ya pekee. Majina ya wanyama wote yanahesabiwa kuanzia mwaka 1758, wakati wa kitabu cha Linnaeus wa Sweden. Lakini Msweden mwingine, Carl Clerck, alikuwa amekwisha kuchapa kitabu cha buibui mwaka 1757, na majina yake yakakubaliwa. Kwa wanyama, ni buibui tu waliomtangulia Linnaeus na majina yao yakabaki halali. Tangu Clerck, orodha imekua hadi Aprili 2022 ilipotimiza spishi 50,000. Daftari hilo la dunia nzima linatunzwa na jumba la makumbusho la Bern, Uswisi.

Milima yetu imo ndani ya daftari hilo. Mwaka 1981 vijana wa Denmark, akiwemo Nikolaj Scharff, walipanda Uluguru kuchunguza viumbe wake. Mwaka 1986 Jocqué na Scharff walichapisha utafiti wa buibui wadogo wa milima ya Usambara, Uluguru na Rungwe. Humo kulikuwa na jenasi mpya kabisa, wakaipa jina la mlima: Ulugurella. Spishi yake ni Ulugurella longimana, yaani mwenye mkono mrefu. Mwaka 2003 Bernhard Huber wa Ujerumani alieleza jenasi nyingine ya buibui wa miguu mirefu wa misitu ya milima ya Afrika Mashariki, Buitinga. Sikia majina ya baadhi yao: Buitinga amani, Buitinga mazumbai, Buitinga kadogo, Buitinga tingatinga. Mtoto wa Kitanzania akifungua daftari la Bern atajikuta anasoma lugha ya nyumbani.

Mgeni, mpangaji na mwenyeji

Pango si nyumba moja, lina vyumba. Mlangoni kuna mwanga na wadudu wanaoruka, kwa hiyo wafuma utando hupenda hapo. Waislamu wanaijua vizuri picha hiyo kutokana na kisa cha Pango la Thaur, ambapo inasimuliwa kwamba buibui alifuma utando mlangoni wakati Mtume Muhammad na Abu Bakr wamejificha ndani. Wazee wengi wa pwani na bara hawaruhusu buibui auawe kwa sababu hiyo. Mbele kidogo ni chumba cha mwanga hafifu. Mwisho kabisa ni giza totoro, ambako joto halibadiliki mchana wala usiku.

Wakazi nao wako wa aina tatu. Mgeni huingia kulala au kujificha, chakula anatafuta nje. Mpangaji anaweza kuishi pangoni vizazi na vizazi, lakini hata nje angeweza. Mwenyeji kamili hawezi tena kuishi kwingine. Vizazi vya gizani vimempausha rangi, vimemrefusha miguu, na mara nyingine vimemwondolea macho. Mwaka 2012 Mjerumani Peter Jäger alieleza buibui wa aina hiyo kutoka pango moja la Laos, Sinopoda scurion, ambaye hana jicho hata moja, ingawa ndugu zake wa nje wana manane.

Afrika Mashariki nayo ilitafitiwa mapema. Mwaka 1911 na 1912 Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walizunguka huku wakiingia mapangoni na chupa zao. Buibui waliowapata walifika mikononi mwa Eugène Simon, yule yule wa mwaka 1876, na mwenzake Louis Fage. Mwaka 1921 Fage alieleza buibui mdogo wa ajabu na kumwita Apneumonella oculata. Jina lenyewe ni maelezo: sehemu ya kwanza yasema hana mapafu, maana anapumua kwa mirija tu, na ya pili yasema ana macho, jambo lisilotarajiwa kwa jamaa wa gizani. Mwaka 1922 Simon na Fage walitoa maelezo ya buibui wa mapango ya Afrika Mashariki, na mmoja wao leo huandikwa Phyxelida tanganensis, yaani wa Tanga. Ukiona majina ya Simon na Fage yamewekwa ndani ya mabano mbele ya jina hilo, usidhani ni kosa la uchapaji. Mabano ni alama kwamba spishi ilihamishwa kutoka jenasi ya kwanza kwenda nyingine baada ya watu kuitazama upya. Hata wataalamu hupanga, kisha hupangua.

Na sasa inua macho juu, hapo ulipokaa. Buibui mwenye miguu mirefu kama nyuzi aliye kwenye kona ya dari, yule anayetikisika kwa kasi ukimgusa, ni wa familia ile ile inayopatikana sana mapangoni. Jike lake hubeba mayai mdomoni, yamefungwa kwa nyuzi chache. Kwake yeye dari yako ni pango: hakuna mvua, hakuna upepo, mwanga ni hafifu na mbu wanaletwa mlangoni. Ni mpangaji asiyelipa kodi ila anafanya usafi.

Basi malengelenge yametoka wapi?

Turudi kwenye mashtaka. Mtoto hakumgusa yule mnyama, alimpiga picha. Mnyama hana sumu. Ngozi imeharibika siku ya tatu akiwa Dakawa. Daktari ndiye atakayesema neno la mwisho, lakini familia inaweza kumsaidia kwa kumpa historia sahihi badala ya kumwambia "ni buibui" na kufunga mjadala.

Dakawa ni mpunga. Na mashamba ya mpunga msimu wa mvua ndiyo makazi ya mdudu mwembamba, mrefu kiasi cha milimita 7 hadi 10, mwenye kichwa cheusi, kifua chekundu cha chungwa, vibawa vifupi vya buluu na tumbo la chungwa lenye ncha nyeusi. Watu wengi humwita nairobi flai. Mhesabu miguu: ni sita, kwa hiyo si buibui. Ni jamii ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Usiku hufuata taa, hutua shingoni, nawe usingizini unampangusa na kumponda. Maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza. Kwa kawaida wekundu huonekana baada ya saa 12 hadi 36, kisha malengelenge hufuata, mara nyingi kwa mstari ule ule ulioburuta kidole. Wakati huo yeye amekwishasahaulika, na buibui wa ukutani ndiye anayeonekana.

Akikutua, mpulize aondoke, usimponde. Ukimponda, nawa mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usishike macho. Nguo na shuka zifuliwe. Zima taa iliyo karibu na kitanda na chomeka vizuri neti. Usipake majivu wala dawa ya meno.

Yapo magonjwa mengine yanayobebeshwa buibui. Mkanda wa jeshi huanza kwa maumivu ya kuunguza, kisha vipele vya maji vinajipanga upande mmoja wa mwili. Ni virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimelala mwilini vikaamka. Dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku tatu, na daktari anaweza kushauri kipimo cha VVU. Kidonda chenye gaga jeusi katikati, kisichouma, kwa mtu aliyechuna au kushika mnyama aliyekufa, kinaweza kuwa kimeta. Kimeta kinatibika, lakini kikicheleweshwa kinaua. Kila siku inayopotea tukimlaani buibui ni siku ya ugonjwa kukua.

Sisemi buibui wote ni malaika. Wapo wachache wenye sumu inayomdhuru mtu, wakiwemo wale wa macho sita yaliyopangwa jozi tatu, ambao baadhi yao hujificha mapangoni. Ila kuumwa nao ni nadra. Na wapo wanaotusaidia bila sisi kujua. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo arukaye aitwaye Evarcha culicivora, aliyepewa jina mwaka 2003. Miaka miwili baadaye ilithibitishwa kwamba humchagua kwanza mbu aliyekwisha kunywa damu.

Cha kuogopa pangoni

Pangoni kuna jambo la kuogopa, ila si buibui. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliugua Marburg na kufa baada ya kutembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, Kenya. Popo wala matunda wanaolala mapangoni wanajulikana kubeba kirusi hicho. Tanzania imetangaza mlipuko wa ugonjwa huo mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025, yote mkoani Kagera. Kwa hiyo watoto waambiwe wazi: pango lenye popo haliingiwi, na popo hashikwi, awe hai au mzoga. Wala tusiwachome moto, hiyo huwatawanya tu.

Uluguru kuna sababu nyingine ya kupiga hodi. Baadhi ya mapango ni mahali pa tambiko. Pango la Kolelo lilijulikana mbali sana, watu wakilifuata kuomba mvua. Mtoto aulize wazee kabla ya kuingia popote.

Kwa kijana mwenye hamu ya kujua, mlangoni panatosha. Apige picha tatu: moja kwa juu, moja usoni, moja ubavuni. Aweke sarafu karibu, si juu yake, ili ukubwa uonekane. Aandike tarehe, kijiji na mahali hasa: mlangoni, kwenye mwanga hafifu au juu ya jiwe la nje. Picha zenye maelezo hayo zinaweza kuwekwa kwenye programu ya iNaturalist, ambako wataalamu wa dunia nzima hutazama na kusahihisha. Asikamate wala kukusanya. Utafiti wa kukusanya viumbe una vibali vyake kupitia COSTECH, na sehemu kubwa ya msitu wa Uluguru ni hifadhi.

Wiki hii, wazazi, fanyeni zoezi moja jioni kabla ya kulala. Chukueni tochi, pitieni kona za dari, nyuma ya kabati na chini ya sinki pamoja na watoto. Kila mnyama mtakayemkuta, mtoto ahesabu miguu, atafute kiuno, atazame kama kuna utando, kisha aseme ni wa kundi gani na kwa nini. Mkifika mahali ushahidi umekwisha, semeni hivyo na mlale. Ndala zibaki mlangoni.

Tukutane wiki ijayo hapa hapa mezani.